Kaka kapata hela za tanzanite, kijiji kinasema katoa kafara, naomba ushauri

Wakuu habarini, kaka yangu ni mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, kule Mirerani miaka mingi tu, alishinda shimoni bila mshahara anasubiri mgao na hakuna aliyemuuliza kala nini, sasa mwaka huu shimo lao limetema mawe akapata mgao wake akamjengea mama nyumba na kanunua Noah mbili za biashara, basi maneno yakaanza, mara freemason mara ndagu (uchawi wa utajiri), na kibaya zaidi wanasema mtoto wake aliyefariki kwa malaria ndo kafara. Yule mtoto tulimuuguza wenyewe, inauma sana jamani.

Mbona Saniniu Laizer, mchimbaji mwenzao wa Mirerani, mwaka 2020 aliuzia serikali mawe mawili kwa bilioni 7.7 na nchi nzima ikampongeza? Au kwa vile rais wa wakati ule, Magufuli, alimpigia simu hadharani?

Mama hata kwenye vikoba haendi tena, na walewale wanaosema ndo wanakuja jioni kukopa.

Naombeni ushauri, tumpeleke anayesambaza haya kwa mtendaji, maana nasikia kumzushia mtu uchawi ni kosa kisheria, au tukae na wazee wa ukoo kwanza? Kaka anataka kumhamishia mama Arusha ila mama hataki kuacha kaburi la mjukuu wake.