Nawafundishaje majirani kudai daladala zifike mwisho wa ruti? (Igawilo, Mbeya)

mama_igawilo:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Huku kwetu ikishafika saa kumi na mbili daladala zinakata ruti, ubavuni imeandikwa Igawilo ila konda anatushusha wote Uyole gari inageuza, hapo uongeze hela ya bajaji au utembee. Juzi kwenye mvua nimemkuta mtoto wa shule kaloana chapachapa, mia mbili yake ya nauli kaikunja mkononi, hana nyingine. Mwenyekiti wa mtaa kanipa nafasi mkutano wa Jumamosi, nataka tudai kwa pamoja ila watu tukikutana tunalalamika weee kisha kila mtu kwake. Naanzia wapi?

mzee wa Mafiati:
Pole mama. Kwanza wafundishe nani anahusika na nini, wengi ndo tunapopotelea. Ruti ya gari iko kwenye leseni ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo kukata ruti na kuzidisha nauli peleka huko, na kuna LATRA CCC ambayo ni baraza la watumiaji kabisa. Vituo na stendi ni jiji, pitia kwa diwani. Hiyo lami ya kwenda Tukuyu ni ya wakala wa barabara TANROADS, barabara za mtaani ni za TARURA. Sisi tulihangaika na barua miezi kibao kwenye ofisi isiyohusika, kuja kushtuka watu wameshachoka.

dada_iyunga:
Nunua kaunta buku. Kila anayeshushwa njiani aandike namba ya gari, saa, kashushwa wapi, kalipa shingapi, wiki mbili tu. Halafu fanyeni mazoezi, mmoja awe afisa mwingine ajieleze dakika mbili bila kugomba, na msimpe mwalimu peke yake aongee, yule mama wa mboga mwenye ndoo kichwani ndo anayajua machungu.

konda_zamani:
Nimekuwa deiwaka (konda wa kushikia gari kwa siku) miaka mingi, nakwambia ukweli: jioni abiria wako Mwanjelwa, ukipanda mpaka Igawilo unarudi tupu na hesabu ya tajiri mwenye gari inakusubiri. Sio haki ila ndo sababu. Waiteni na madereva kwenye hayo mafunzo, mkikubaliana zamu za jioni mnaenda LATRA mkiwa upande mmoja.

mama_igawilo:
Ndaga fijo (asanteni sana) wote! Hilo la madereva sikuliwaza kabisa, kesho nashuka kijiweni kwao Uyole kabla hawajaanza kupakia. Daftari nimeshanunua, jina la kwanza naandika la huyo mtoto.