Simulesheni ilisema wayo wa mguu bandia utashika, umekatika wiki mbili tu. Nimekosea wapi?

likoni_kwetu
Asalaam alaikum wadau, naombeni msaada. Ami yangu alikatwa mguu chini ya goti sababu ya sukari, soketi, kile kikombe kinachovalishwa kwenye kigutu, anayo nzuri tu, ila wayo wake ulichakaa na bei ya mpya hatukuiweza, nikasema mie nina printa ya 3D nyumbani wacha nimchapie. Nikachora kwa FreeCAD, programu ya kuchora, nikaweka PLA, plastiki ya printa, kisha nikaupima kwa simulesheni, yaani jaribio la ndani ya kompyuta: nikazuia chini pasisogee, juu nikakandamiza nyutoni 800 manake ami ana kilo 82. Stresi, yaani nguvu inayobana kila sehemu ya plastiki, ya juu kabisa ikatoka megapaskali 17, na PLA kwa makaratasi yake inavumilia kama 50, yaani karibu mara tatu, rangi ni buluu tupu, hakuna nyekundu ya hatari popote. Nikaamini. Ami huvuka feri kila siku kwenda Marikiti ana meza ya viungo pale, sasa juzi asubuhi maji yamekupwa, ule mteremko umesimama kama ukuta, akakanyaga kwa vidole apande, ukalia ta! akaanguka mbele za watu. Alhamdulillahi ni goti tu limechubuka, lakini hajanilaumu hata neno moja na hiyo ndio inaniuma. Umekatika pale kifundo kinapokutana na bomba, kwenye kona, pamenyooka kama pamepita kisu. Kompyuta ilinidanganya ama?

fundi_tudor
Pole sana, mpe ami pole zetu. Kompyuta imekujibu swali ulilouliza, na wewe umeuliza mtu aliyesimama wima ametulia. Mtu akipanda mteremko uzani wote unahamia vidoleni, toka kifundo mpaka pale tuseme sentimita 12, huo ni wenzo: 800 mara 0.12 ni nyutoni mita 96 zinaipinda ile kona, na hilo kwa simulesheni yako halikuwepo kabisa.
Halafu huko kunyooka kunaniambia umeachia kati ya tabaka mbili. Chukua mkeka, uvute kwa urefu wa ukili, haukatiki, uvute pale kili zilipounganishwa kwa uzi, panaachia. Kitu cha printa ni hivo hivo, ukikivuta kutenganisha tabaka nguvu yaweza kushuka hata nusu, na programu ukiipa namba moja tu inadhani pande zote ni sawa. Uliuchapa umesimama? Na ndani ulijaza asilimia ngapi?

likoni_kwetu
Umesimama, ndani asilimia 40. Kwa kompyuta nilichora umejaa wote. Ya rabi.

dada_wa_soketi
Mwanangu, mie kazi yangu ni viungo bandia. Umesahau hesabu ya hatua. Mtu wa hatua 5,000 kwa siku kila mguu unakanyaga mara 2,500, wiki mbili ni 35,000, mwaka unapita laki tisa. Plastiki haihitaji mzigo mkubwa kukatika, mzigo wa wastani ukirudi rudi ufa unaanza kwa kona na unaingia kidogo kidogo, ndio maana kipimo cha kimataifa cha miguu bandia, ISO 10328, kinataka mguu upigwe mizunguko milioni 3 kwa mashine. Na PLA ikifika nyuzi 60 hivi inalegea, gari lililofungwa vioo Mombasa hii kwenye jua halihitaji muda kufika karibu na hapo. Wenzetu wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa wanatumia polipropilini, plastiki nyingine, inapashwa joto ikavalishwa juu ya plasta, inapinda bila kuvunjika.
Tafadhali asivae tena wa PLA. Na kwa vile ana sukari mkague kigutu na wayo ule mzima kila jioni, kidonda chaweza kuwepo na yeye hasikii uchungu.

fundi_tudor
Naongeza moja, ile kona kali ya ndani izungushe. Kona kali kwa simulesheni ukipunguza ukubwa wa vipande ambavyo programu inakatakata umbo ili ipige hesabu, stresi inapanda tu haitulii, kwa hiyo hiyo 17 yako ilitokana na vipande vikubwa, si namba ya kushika. Makampuni ya vifaa vya matibabu wana ASME V&V 40 ya 2018, mwongozo wa kuthibitisha modeli za kompyuta, mtindo wake ni huu, kadiri kosa litakavyomuumiza mgonjwa ndivyo unatakiwa uthibitishe zaidi kwamba modeli inafanana na kitu chenyewe. Chapa vijiti vitano vilale na vitano visimame, vining'inizie ndoo, ongeza maji mpaka vikatike, pima kilo. Namba hizo ndio uweke kwa programu.

likoni_kwetu
Shukran sana nyote. Jana nimeukata ule wayo kwa msumeno, ndani matundu matupu kama sega la nyuki, na pale kwa kona plastiki imegeuka nyeupe kama imekwaruzwa, kumbe ufa ulikuwa unatembea siku zote hizo na mie nalala. Ami nimemtafutia magongo ya kuazima, tunachanga nyumbani tumnunulie wayo wa kliniki. Vijiti vimo kwa printa sasa hivi, vitatu vishatoka. dada_wa_soketi, polipropilini hapa Mombasa naipata kwa shiti ama mpaka niagize?

dada_wa_soketi
Shiti zipo, nitumie ujumbe nikuelekeze. Na siku ya kuvaa huo wa kliniki njoo naye, kuulinganisha na soketi usijaribu peke yako.