Kipimo cha rangi kwa dawa za damu: tuamini macho?

Jicho la Tai: Wakuu, nina swali. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kupimwa kwa chembe nano (ndogo mno) za dhahabu, zenye kipenyo cha nanomita 13 hivi. Zikielea mbalimbali, maji ni mekundu kama divai. Ukitia protamini, protini inayonatana na heparini, chembe zinashikamana, yanageuka bluu. Heparini ikiwemo inaidaka protamini kwanza, wekundu unabaki. Dakika chache, kwa macho tu. Sasa mgonjwa asubiri maabara ya nini?

Mzee wa Mirija: Damu nayo ni nyekundu, mkuu! Utatafuta wekundu ndani ya wekundu? Lazima uizungushe kwenye mashine upate plazma, yale maji ya damu, na plazma ina protini zinazozivaa chembe zako kama koti. Kwenye maji safi kila kitu hupendeza.

Kidole Juu: Hizi dawa za kuyeyusha damu si sumu ya panya tu? Rangi ya nini.

Binti Sauda: We Kidole Juu, mama yangu anameza warfarini, mojawapo ya dawa hizo, mwaka wa nane huu. Kila jioni anakata kidonge nusu kwa wembe juu ya kisahani, mikono imejaa mabaka ya zambarau. Kwa hiyo nampa mama sumu?

Kidole Juu: Dada, mama yako sijamtaja. Nimesema ilianzia kwa panya, binadamu wakafuata. Arobaini na kitu, kama sikosei.

Mzee wa Mirija: Panya 1948, binadamu 1954. Na hiyo ni warfarini! Heparini inatoka kwenye utumbo wa nguruwe. Halafu hakuna inayoyeyusha damu, zinazuia isigande.

Kidole Juu: Huyu mzee atatusahihisha hadi tunavyopumua.

Jicho la Tai: Jamani, rangi!

Binti Sauda: Rangi yenu haimsaidii mama. Yeye anapimwa INR, kipimo cha kuganda kwa damu, inatakiwa icheze kati ya 2 na 3. Daktari anataka kujua damu inachelewa kuganda kiasi gani, si dawa ngapi imo mwilini.

Kidole Juu: Sawa, lakini umekubali ni ya panya.

Mgeni Njoo: Mie bluu na zambarau sizitofautishi tangu utotoni. Nikiwa zamu usiku itakuwaje?

Jicho la Tai: Kuna kifaa cha kusoma mwanga. Chembe zikiwa nyekundu zinafyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi, zikishikamana namba hiyo inasogea juu.

Mzee wa Mirija: Kumbe mashine imerudi. Si ulisema macho tu?

Kidole Juu: Panya wenyewe wa Scotland walishaizoea hiyo warfarini tangu miaka ya hamsini.

Binti Sauda: Bado uko na panya?