Nyuki wepesi kujifunza: nizalishe malkia kutoka mzinga huu?

Mwenye uzi: Wakuu, naombeni ushauri, hata usingizi sipati. Nina mizinga 2, nimepima nyuki kwa harufu ya karafuu. Nyuki anabanwa kwenye kimrija kichwa nje, anapulizwa harufu sekunde 4. Ya 3 ikiisha, vipapasio vinaguswa na maji ya sukari, akinyoosha ulimi anapewa tone. Baada ya mara 5, mzinga wa kwanza 17 kati ya 20 wananyoosha kwa harufu tupu. Wa pili 6. Hii si damu? Nizalishe malkia wa kwanza?

Mrina: Asali je? Nyuki msomi asiyejaza sega wa kazi gani?

Bi Masega: Uliwanasa wapi?

Mwenye uzi: Wote walikaa na njaa saa 2, dada.

Bi Masega: Sijauliza njaa.

Mwenye uzi: Wa kwanza mlangoni. Wa pili kulikuwa na manyunyu, hawakutoka, nikatoa kwenye sega la watoto. Lakini tofauti ni kubwa mno! Na malkia wa pili nishamwondoa.

Bi Masega: Basi umepima umri. Wa mlangoni ni wakongwe wa kutafuta chakula; wa kwenye sega ni yaya, sukari hafifu haiwashtui. Anza kwa kugusa vipapasio na sukari ya 1%, 3%, 10%, 30%, katikati maji matupu, uone kila nyuki ananyoosha ulimi kuanzia kiwango gani. Kiwango hicho nacho hurithiwa, kwa hiyo linganisha wanaojibu sawa, wenye umri mmoja, waliotiwa rangi mgongoni siku ya kutoka segani.

Kipanga: Na malkia mpya ataruka apandwe na madume 10 hadi 20 usiyoyajua. Chagua kupitia madume: yana nakala moja tu ya kila jeni, hakuna kinachojificha. Watafiti Benatar, Cobey na Smith walifanya hivyo, 1995. Kisha malkia apandikizwe kwa sindano, mbegu maikrolita 8 hivi.

Mwenye uzi: Madume nimepima, yamefuata akili ya baba yao.

Kipanga: Dume hana baba! Anatoka yai lisilorutubishwa, ana babu tu. Mkuu, hii chai.

Mrina: Na haina hata asali 😂

Mwenye uzi: Si chai, niliandika haraka.

Bi Masega: Feni ya kufyonza harufu uliiweka upande gani? Karafuu ikibaki hewani, wanaosubiri zamu wanaizoea bila sukari, halafu wanachelewa kuijifunza.

Mwenye uzi: Feni ipi?