Maasi ya India 1857: ni mafuta ya risasi kweli?

Wakuu, simulizi tunayoijua ni fupi: askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza waliasi kwa kuwa risasi zao zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Mimi siikubali, angalau si hivyo ilivyo.

Tuanze na bunduki yenyewe. Enfield ya 1853 ilishindiliwa mdomoni kwa mdeki (ufito wa kusukumia risasi) kama gobori, ila ndani ya mtutu ilikuwa na mifuo ya kuizungusha risasi. Baruti na risasi vilifungwa kwenye karatasi moja. Askari anang'ata ncha, anamimina baruti, anageuza, anashindilia risasi ikiwa bado na karatasi yake iliyopakwa mafuta ili iteleze. Yaani mafuta na ulimi ni majirani.

Uvumi ulianzia Dum Dum, karibu na Calcutta, Januari 1857. Mwezi huohuo askari wakaruhusiwa kupaka mafuta yao wenyewe. Wapi! Kule Barrackpore wakaanza kuishuku karatasi, eti inang'aa mno.

Sasa njooni Meerut, mji wa kaskazini mwa India, 24 Aprili. Askari 90 wa kikosi cha wapanda farasi, watu wa karabini (bunduki fupi), wanapewa risasi, 85 wanazikataa. Na zilikuwa zilezile za zamani walizozizoea! Tena waliambiwa wachane kwa vidole. Hapo mafuta yako wapi? Imani ndiyo iliyokwisha. Mwaka mmoja nyuma Waingereza walikuwa wameunyakua ufalme wa Awadh, nyumbani kwa wengi wa jeshi la Bengal, jeshi la askari hawahawa.

— Mkuu, hapo unamtetea Mwingereza bila kujua. Mhindu wa tabaka la juu aking'ata mafuta ya ng'ombe, nduguze hawali naye tena. Hicho si kisingizio, ni maisha yake. Na kama hapakuwa na kitu, kwa nini amri ya kung'ata ikabadilishwa?

— Sijasema kisingizio, mkuu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Ninachouliza ni kwa nini moto uwake Mei na si Januari. Wale 85 walihukumiwa, wengi wao miaka 10 ya kazi ngumu. Tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kufungwa minyororo miguuni, mmoja baada ya mwingine, kikosi kizima kikitazama. Kesho yake jioni wenzao wakavunja gereza. Habari za mafuta walizisikia tu; minyororo waliiona.