Kupanga flati Upanga: nitahakikishaje kwamba anayenipangisha ana haki ya kupangisha?

Mgeni wa Zamu ya Usiku
Habari za jioni, wakuu. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa nafanya kazi jirani na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na kwa kuwa zamu nyingine huisha usiku wa manane, nimeona ni heri nipange Upanga kuliko kuendelea kukaa Mbezi na kumalizia nguvu zangu kwenye foleni. Dalali amenionyesha flati ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katika jengo la zamani la Shirika la Nyumba la Taifa. Anayepangisha ni mzee mwenye heshima zake, anayesema ameishi humo tangu ujana wake na sasa anahamia kwa mwanawe. Anataka laki sita kwa mwezi, kodi ya mwaka mzima ilipwe kwa mkupuo, na juu yake milioni nne za kilemba, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, ambazo hazirudishwi. Ukilinganisha na majengo mapya ya jirani, kodi hiyo ni nafuu mno, na unafuu huo ndio unaonitia shaka. Je, utaratibu huu unakubalika, na nidai karatasi gani kabla sijatoa hata senti?

Mkazi wa Mindu
Karibu Upanga, ndugu yangu. Utaratibu huo umezoeleka sana, ila kuzoeleka hakujaufanya uwe halali.

Chanzo chake ni cha zamani. Kwa sheria ya mwaka 1971, Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na baadhi ya waliokuwa wenye nyumba wakajikuta wapangaji katika majengo waliyoyajenga wenyewe. Msajili alipovunjwa mwaka 1990, mali zake ziliingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwapo tangu 1962. Kwa miaka mingi kodi ya nyumba hizo ilikuwa chini ya bei ya soko, kwa hiyo nafasi ya kukaa katikati ya mji ikageuka mali inayouzika: mpangaji anayeondoka humwachia mwingine funguo kwa kilemba, au jina lake hubaki katika daftari la Shirika huku akimpangisha mtu wa nje kwa bei ya soko na kutia mfukoni kinachozidi.

Zingatia hapo hapo kwenye kilemba. Mwenye hati hana sababu ya kukidai, kwa kuwa akitaka zaidi hupandisha kodi yake tu. Anayekidai mara nyingi ni mpangaji kama wewe, na mpangaji wa Shirika haruhusiwi kupangisha mtu mwingine bila idhini. Mambo yakigundulika, mwenye jina atakuwa kwa mwanawe, na godoro litakalotupwa nje ni la kwako.

Mnyonge na Haki
Naongezea upande wa sheria. Mwombe mzee mkataba wake na Shirika, stakabadhi ya kodi ya karibuni na kitambulisho chake cha taifa, uone kama jina katika karatasi zote tatu linalingana, kisha uende wewe mwenyewe ofisi ya Shirika ukiwa na namba ya jengo na ya flati. Usimtume dalali akuletee majibu. Akisema flati ni yake, jambo ambalo linawezekana kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 2008 sehemu moja ya jengo inaweza kuwa na hati yake, basi fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone hati imeandikwa jina la nani.

Ujue pia kwamba sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna bei elekezi, na ngao yako ni mkataba wa maandishi uliolipiwa ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa huleta tabu kupokelewa kama ushahidi. Mgogoro ukizuka, mlango wa kubisha ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tena muulize kuhusu Luku, umeme wa kulipia kabla: tangu 2021 kodi ya jengo ya Serikali hukatwa kwenye umeme unaonunua, ilhali mdaiwa ni mwenye mali, kwa hiyo mkubaliane mapema itafidiwa vipi.

Dalali Mwaminifu
Wakuu, msitutie sote kapu moja. Mimi huchukua kodi ya mwezi mmoja baada ya mteja kusaini, na mteja akiniuliza mwenye nyumba ni nani humpeleka kwake. Lakini nakubali kwamba wapo wenzetu wanaodai hela ya kuonyesha nyumba hata kama wanajua imeshachukuliwa. Huyo wako anakuharakisha?

Mgeni wa Zamu ya Usiku
Ananiharakisha sana, anasema kuna mteja mwingine atakayelipa kesho asubuhi. Leo nilimwomba mzee stakabadhi, naye akanionyesha ya miaka kadhaa iliyopita yenye jina la marehemu kaka yake. Nimemshukuru nikaondoka. Kuna flati nyingine upande wa Barabara ya Umoja wa Mataifa, laki tisa kwa mwezi, na mwenye hati anakubali miezi sita. Je, gharama za lifti, ulinzi na jenereta kwa kawaida huwa ndani ya kodi?

Mkazi wa Mindu
Mara nyingi hutozwa kando, kila mwezi. Dai kiasi chake kiandikwe kwenye mkataba, na ufungue bomba ukiwa ghorofani saa za jioni, maana yako majengo ambayo maji hayapandi mpaka pampu iwashwe, na dizeli ya kuiendesha umeme ukikatika huchangwa na wapangaji.