Xdebug, Debugbar au Telescope: ipi inafaa kusaka ukurasa unaochelewa?

Mzizima_Dev
Habari wakuu. Nina mfumo wa mauzo kwa Laravel (fremuweki ya PHP) na MySQL (databesi). Ukurasa wa kuingia uko safi, ila wa orodha ya oda unasuasua, na kadiri oda zinavyoongezeka ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Nimetajiwa zana tatu za kuchunguza programu: Xdebug, Debugbar na Telescope. Nianze na ipi?

Binti_Tanga
Kabla ya zote, bonyeza F12 kwenye Chrome, nenda Network, chagua ombi la ukurasa wenyewe, soma Timing. Muda ukiishia kwenye "Waiting for server response", tatizo liko kwenye seva. Ukiliwa na picha au JavaScript, hizo zana tatu hazitakusaidia. Hamia Performance, na upunguze kasi ya CPU mara 4 humo humo ili uone anachokiona mteja mwenye simu ya bei nafuu.

Mzizima_Dev
Nimeangalia dada. Karibu sekunde 3, zote ni kusubiri seva.

kodi_kavu
Basi Debugbar, mkuu. Hizo ni dalili za N+1. Kwiri (ombi kwa databesi) moja inaleta oda 50, halafu ndani ya kitanzi cha foreach kila `$oda->mteja->jina` inarudi tena kwenye databesi. Kwiri 51 kwa kazi ya 2! Debugbar inakuwekea idadi chini ya ukurasa, pamoja na zinazojirudia. Dawa yake ni `Oda::with('mteja')`. Ukishamaliza, washa `Model::preventLazyLoading()` kwenye kompyuta yako ya kazi: kosa likirudi, programu inagoma papo hapo.

Mzee_wa_Seva
Sawa kabisa, ila Debugbar isiguse seva ya wateja. Inaanika kwiri na data za sesheni kwa yeyote anayefungua ukurasa. Isakinishe kwa `--dev` (kwa kompyuta ya kazi tu), na kwenye seva hiyo mpangilio wa APP_DEBUG uwe false.

Telescope naipendea kazi zisizo na ukurasa: foleni, barua pepe, maombi ya API kutoka app ya simu. Lakini inaandika kila kitu kwenye databesi, na jedwali la telescope_entries huvimba haraka. Panga `telescope:prune`, amri ya kufuta rekodi za zamani, kila siku.

Nungwi404
Xdebug msiiweke kando hivyo. Kosa la mantiki likikushinda, unasimamisha programu kwenye mstari unaoutaka na kuona kila kigeu kimebeba nini. Hapo haina mpinzani. Kwa kupima kasi, `xdebug.mode=profile` inatoa faili la cachegrind (rekodi ya muda uliotumiwa na kila sehemu ya programu) unalolisoma kwa QCachegrind. Angalia uwiano tu, si sekunde zenyewe, kwa sababu Xdebug nayo inapunguza mwendo. Na tangu toleo la 3, la 2020, porti ya Xdebug kuunganika na kihariri chako ni 9003. Maelekezo mengi bado yanasema 9000.

Mzizima_Dev
Debugbar imeonyesha kwiri 53. Baada ya `with` zimebaki 4. Ila moja bado nzito, inayochuja kwa hali ya oda na kupanga kwa tarehe.

Binti_Tanga
Inakili hiyo kwiri, uitangulizie EXPLAIN, amri inayoonyesha MySQL itakavyoitekeleza. Safu ya type ikisema ALL, MySQL inasoma jedwali zima. Tengeneza indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) moja yenye status kisha created_at, kwa mpangilio huo, halafu rudia EXPLAIN uone kama "Using filesort", yaani MySQL kupanga matokeo bila indeksi, imeondoka. Leta majibu hapa.